Bibi kavunjika nyonga, baba mdogo hataki apasuliwe. Naombeni ushauri

Mjukuu_Mbagala: Shikamooni wakubwa. Bibi yangu, miaka 79, aliteleza bafuni Jumamosi alfajiri akienda kutawadha. Duka la dawa wakasema ameteguka, wakampa diklofenaki. Siku mbili nzima tukamchua kwa mafuta ya nazi huku analia. Jana shangazi ndiye aliyeona mguu wa kulia umekuwa mfupi na unyayo umelala nje. Eksirei ikaonyesha shingo ya mfupa wa paja imekatika na kuachana. Daktari anataka apasuliwe. Baba mdogo anasema mzee wa umri huo atafia mezani, bora kwa fundi wa viungo kijijini. Juu ya hayo, bima wamerudisha fomu, eti ugonjwa ulioandikwa haulingani na upasuaji. Nifanye nini?

Nesi_Temeke: Pole sana mdogo wangu. Kuchua mwisho leo! Mguu mfupi uliogeukia nje ni alama ya kuvunjika, si kuteguka. Shingo ya paja ikiachana, damu inayolisha kichwa cha mfupa hukatika, ndiyo maana wazee wengi huwekewa kichwa cha bandia badala ya kuunganishwa kwa vyuma. Inapendekezwa afanyiwe ndani ya saa 48. Nyie mmeshazipita, kwa hiyo msipoteze siku nyingine. Ombeni rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Mwambieni daktari dawa zote anazotumia, hasa za presha, sukari na za kuzuia damu kuganda.

Mama_Kigamboni: Mwanangu, mama yangu tulimwacha kitandani kwa woga huo huo wa baba yenu mdogo. Wiki ya tatu vidonda mgongoni, kisha nimonia. Hatukumaliza miezi miwili naye. Kisu kina hatari yake, lakini kitanda nacho kinaua, taratibu tu. Mwambie baba mdogo aongee mwenyewe na daktari wa usingizi, daktari amweleze hatari za bibi huyu, si za wazee wote.

Karani_Rekodi: Kuhusu bima, angalia msimbo kwenye fomu, ile herufi na namba ya ICD-10 inayotaja ugonjwa. Mara nyingi dirisha la kwanza huandika M25.5, maumivu ya kiungo, na hakuna bima itakayolipia upasuaji wa maumivu. Shingo ya paja ni S72.0. Ikikatika chini kidogo, kwenye vinundu vya paja, ni S72.1. Kuteleza kwenyewe ni W01. Usiandike wewe, mrudie daktari aliyesoma picha arekebishe na kugonga muhuri.

Nesi_Temeke: Na bibi akitoka salama, muulizeni daktari kuhusu udhaifu wa mifupa. Kuanguka kwa kimo cha kusimama hakupaswi kuvunja paja. Anahitaji dawa, la sivyo nyonga ya pili iko njiani.

Mjukuu_Mbagala: Asanteni mno. Daktari amerekebisha, ilikuwa M25.5 kweli. Baba mdogo ameongea na wa usingizi, amenyamaza muda mrefu, kisha akaomba kalamu. Bibi anaingia kesho asubuhi. Ameuliza kama atasujudu tena.