Amri ya matunzo ya 2019 haitoshi tena: nirudi mahakamani, niende ustawi wa jamii, au nikate rufaa?

MamaWaMbagala
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Naomba ushauri wa waliopita njia hii.

Mwaka 2019 mahakama iliamuru baba wa mwanangu atoe Sh 80,000 kwa mwezi. Mtoto alikuwa na miaka mitatu, anashinda na bibi yake, anakunywa uji. Sasa ana tisa, yuko darasa la tatu, na ana pumu. Juzi usiku nimekaa na daftari nikaandika matumizi yake ya mwezi mmoja: nauli ya daladala, chakula cha mchana shuleni, tuisheni, dawa ya pumu ya kuvuta, viatu vipya kwa sababu vya zamani soli imeachia na anavifunga na mpira. Ile 80,000 imekwisha hata kodi ya chumba sijaigusa.

Baba yake wakati ule alikuwa kibarua. Sasa ameajiriwa na ana bodaboda mbili. Na mwaka huu miezi minne hajatuma kitu.

Wengine wananiambia nipitie ustawi wa jamii tukae tuongee. Wengine nirudi mahakamani. Jirani yangu kasema nikate rufaa. Ipi inafaa?

MzeeWaBaraza
Binti yangu, marahaba. Rufaa iondoe kichwani leo hii. Anayekata rufaa anasema hakimu alikosea, na muda wa kusema hivyo kwa uamuzi wa 2019 umeshapita. Wewe husemi alikosea. Unasema mtoto amekua na maisha yamebadilika. Hayo ni maombi ya kubadili amri, na yanapelekwa mahakama ileile iliyoitoa, kwa namba ileile ya shauri.

Kama mlikuwa na ndoa, soma kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: mahakama inaweza kubadili amri ya matunzo wakati wowote, ikiridhika kwamba hali imebadilika kwa kiasi cha maana. Kama hamkuoana, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakupa nafasi hiyohiyo. Vijana hamjui tulikotoka: kabla ya sheria hiyo, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kikomo chake kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi mia moja. Nimewaona akina mama wakitoka mahakamani na amri hiyo mkononi, nauli ya kurudi nyumbani imewazidi.

Nuru_Tanga
Dada, mimi nilianza ustawi na sijuti, ila kuna kosa nililifanya usilirudie. Afisa alituita mara mbili, akatusikiliza vizuri, tukakubaliana kutoka 70,000 kwenda 150,000. Tukasaini. Nikarudi nyumbani na karatasi yangu nikaiweka kwenye bahasha kabatini.

Alilipa miezi mitatu akaacha. Nilipokwenda mahakamani ikabidi nianze kuomba upya, kwa sababu mahakama ilikuwa bado inaijua 70,000. Ile karatasi hatukuipeleka ikaingizwa kwenye shauri. Kwa hiyo ukienda ustawi nenda, lakini mkikubaliana, makubaliano yapelekwe mahakamani yawe amri. Bila hivyo unamtegemea yeye na moyo wake tu.

BabaWaWawili
Mzee shikamoo. Niseme kama baba anayelipa, na nasema kwa nia njema.

Niliitwa ustawi mwaka jana. Nilikwenda nimejiandaa kubishana, maneno yangu yalikuwa yaleyale ya wengi: shule bure, pesa zote hizo za nini? Mama mtoto hakubishana. Alitoa stakabadhi moja moja: sare, madaftari, michango, hospitali. Ada ilifutwa kweli, lakini mtoto haendi shule na ada, anaenda na viatu na tumbo lililoshiba. Nilinyamaza. Nikapanda kutoka 100,000 hadi 160,000 siku ileile, na makubaliano tuliyapeleka mahakamani.

Ninaloomba mlielewe: nina mtoto mwingine nyumbani na huyo naye anakula. Hakimu analiangalia hilo. Ukiomba 400,000 kwa mtu wa mshahara wa kawaida, utamfanya aje na hasira na wakili.

MamaWaMbagala
Asante kaka, hayo ya stakabadhi yamenigusa. Za dawa ninazo, za nauli nitazipata wapi? Halafu mshahara wake siujui.

MzeeWaBaraza
Nauli huna haja ya stakabadhi. Andika njia, kiasi, na siku za shule kwa mwezi, inatosha kueleweka. Na karatasi yake ya mshahara si kazi yako kuitafuta. Kwenye hati ya kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi unayoyaapia, taja anapofanya kazi, taja bodaboda na zinapoegeshwa, basi. Yeye ndiye atatakiwa aeleze kipato chake mbele ya hakimu.

Lakini na wewe utaulizwa chako. Sheria ya Mtoto inataka mahakama itazame kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu ya mlipaji kwa watoto wengine, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Ukificha, tuseme, una genge la mboga na yeye akalitaja, hata yale ya kweli uliyosema yatatiliwa shaka. Sema unachopata na sema kinakoishia. Pia usishangae afisa ustawi akiagizwa aje nyumbani kuandaa ripoti. Mpokee, mwoneshe mtoto anapolala.

Sasa ile miezi minne. Hayo ni madeni ya amri iliyopo, unaomba kukazia amri, yaani alazimishwe kuitekeleza, na mahakama inaweza kuagiza mshahara au mali yake ikamatwe. Usiichanganye na nyongeza. Nimeona wengi wanaambiwa "nisamehe ya nyuma nikuongezee ya mbele", wanakubali, mwisho hawapati ya nyuma wala ya mbele. Chukua taarifa ya miamala ya simu ya mwaka mzima, ioneshe miezi aliyotuma na aliyoruka.

Pwani_Mombasa
Huku Kenya mambo yanafanana. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema jukumu ni la baba na mama sawa, wawe wameoana au hawakuoana, na kesi zinaenda Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Kilichonisaidia mimi ni kuandika kwanza hitaji la mtoto, kisha kiasi. Nilipoanza na kiasi, wakili wake alinirarua.

Nuru_Tanga
Na dada, kama huna pesa ya wakili usikae nyumbani. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wapo wilayani, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia inapopita maeneo yenu nenda mapema. Mimi maombi yangu niliandikiwa bure.

MamaWaMbagala
Nimewaelewa. Nitaanza na maombi mahakamani ya nyongeza, na ya madeni nitayaleta peke yake. Akitaka tukae ustawi wakati shauri linaendelea, nitakaa, ila tutakachosaini kitarudi kwa hakimu. Nitaomba 180,000, nimeipigia hesabu mara tatu kwenye daftari. Tatizo nakala ya amri ya 2019 iliharibika na mvua, nimebaki na kipande chenye muhuri.

MzeeWaBaraza
Kwenye hicho kipande namba ya shauri inasomeka?

MamaWaMbagala
Inasomeka, na mwaka pia.

MzeeWaBaraza
Basi Jumatatu asubuhi nenda masijala ya mahakama, wanakotunza majalada, na kitambulisho chako na hicho kipande, omba nakala iliyothibitishwa. Waombe mbili, moja ubaki nayo.