Mradi wetu wa maji umesimamishwa, vibali tuanzie wapi?

Wakuu, naomba ushauri. Mimi ni katibu wa kamati ya maji. Tumechangishana miaka miwili, tukanunua mabomba ya kushusha maji kwa mserereko kutoka chemchemi, kilomita 6. Mtaro ulipofika barabara kuu tukasimamishwa: hatuna kibali cha kutumia maji wala cha kukatiza barabara. Baadhi ya wanakamati wanataka tuchimbe usiku. Naogopa michango ya watu isipotee.

Fundi Mserereko: Katibu, usiku msichimbe kabisa. Bomba lililofukiwa bila kibali kwenye hifadhi ya barabara (eneo la kando lililotengewa barabara) litang'olewa siku barabara ikipanuliwa, na fidia hamtapata. Anzeni na chanzo. Kibali cha maji hutolewa kwa kiasi maalumu, hivyo mtaulizwa chemchemi inatoa kiasi gani na nani wanayategemea maji hayo huko chini. Pimeni kiangazi. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 10, hizo ni lita 2 kwa sekunde, yaani lita 172,800 kwa siku. Ukipima masika unajidanganya, na kiangazi mtagombana na wa chini.

Binti Msanifu: Barabarani watataka mchoro: kina cha bomba, ganda la kulikinga, na namna mtakavyoshindilia udongo. Tena kila mita 10 za kushuka huongeza takriban bar 1 ya shinikizo. Hakikisheni mabomba mliyonunua yanahimili, maana mhakiki atauliza.

Mama Bombani: Na mashamba ya watu ambamo bomba litapita je? Sisi tulikubaliana na mzee mmoja kwa mdomo. Alipofariki, wanawe wakakata bomba, tukakaa miezi minne tukibeba ndoo kichwani. Andikianeni, pawe na mashahidi na saini.

Mwenye uzi: Asante sana mama. Mmoja tu tumeandikiana naye, kumi na mmoja bado. Kesho naanza kuwapitia. Tathmini ya mazingira nayo ni lazima?

Fundi Mserereko: Hilo msijiamulie wenyewe. Pelekeni maelezo mafupi ya mradi na ramani kwa mamlaka ya mazingira, wao ndio waseme kama inahitajika tathmini kamili. Kila barua mnayopeleka, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na ada yoyote mdai stakabadhi.

Mwenye uzi: Sawa mkuu. Wa usiku nimeshawaonyesha majibu haya, wamekubali kusubiri.