Tupeane uzoefu: umewahi kurudisha pasi ya nywele dukani ukasikilizwa?

Wadau habari za jioni. Nimetoka Kariakoo na hasira zangu naomba nizimwagie hapa. Juzi nimenunua pasi ya nywele mtaa wa Kongo, elfu 45, boksi limeandikwa titanium nyuzi 230, nikasema leo kipilipili changu kitalala. Wee! Nimewasha, upande mmoja unachoma upande wa pili unaweza kulazia shavu. Kesho yake narudisha, yule kaka aliyekuwa ananiita dada mzuri ananiuliza "una uhakika ulinunua hapa?" Natoa risiti, anaigeuza ananionyesha muhuri, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nimesimama pale saa nzima nazibia wateja njia, mwisho kanibadilishia drai ambayo sikuitaka na elfu 10 nimeongeza juu. Nyie huwa mnafanyaje?

Shangazi wa Tabata: Pole mwaya. Mimi yangu ilitoka Marekani, zawadi ya mdogo wangu, sikusoma lebo, kumbe ya volti 120 na umeme wetu ni 230. Ilipiga pa! mara moja tu, chumba kizima harufu ya waya. Sasa hiyo unamrudishia nani?

Msusi Mkavu: Nina saluni miaka kadhaa, pasi siondoki nayo dukani bila kuichomeka kwenye soketi yao. Nasubiri dakika mbili tatu halafu nabana tishu yenye maji, mvuke utoke pande zote sawa. Akikwambia umeme umekatika mwambie narudi ukirudi. Na nyie mnaonunua zile ndogo za nyumbani mnazifanyisha kazi ya saluni asubuhi mpaka usiku, ikifa msilie.

Mwana Mvita: Huku Mombasa mimi niliambiwa "umeichoma mwenyewe", basi yakaisha. Nasikia Kenya kuna sheria ya kumlinda mnunuzi tangu 2012 lakini yule bwana ukimtajia sheria anaita mwingine ahudumiwe.

kimya_kimya: Mimi nilirudishiwa hela yote. Duka kubwa, boksi halijachanika, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) mkononi, siku ileile.

Baba Vipodozi: Ngoja na sisi wauzaji tuseme. Mtu ananunua Ijumaa, Jumamosi ana harusi, Jumatatu asubuhi huyu hapa, "kaka hii haijawahi kuwashwa". Nafungua naona mafuta yameganda na nywele tatu zimenasa, tena za rangi ya maroon, na yeye kichwani maroon! Tajiri wangu wa jumla hanipokelei kitu, hasara naibeba mimi. Nikiona mbovu kweli nabadilisha, ila hela sirudishi.

Msusi Mkavu: Hiyo ya maroon nimecheka 😂 ila kaka mteja mwenye risiti na pasi mbovu anaweza kwenda FCC, ile Tume ya Ushindani, kulalamika, muhuri wako usikudanganye.

Mwenye uzi: Asanteni, ya tishu nimeikariri. Baba Vipodozi hebu samahani kidogo, duka lako lipo mtaa gani? Maana juzi nilikuwa nimesuka maroon, na harusi ilikuwa ya binamu yangu, lakini walai ile pasi upande mmoja haukupata moto.