Wanafunzi wanakokotoa mkengeuko sanifu bila kosa ila hawajui wamepima nini. Naomba ushauri

chaki_nyeupe (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nafundisha takwimu za utangulizi, mwaka wa kwanza chuo kikuu. Wengi darasani hawasomi hisabati, somo hili wamelikuta kwenye ratiba tu. Wastani wanauelewa. Tukifika kwenye mtawanyiko, yaani namba zimesambaa kiasi gani kutoka wastani, wanabonyeza kikokotoo, jibu linatoka safi, kisha nikiuliza "hiyo namba inatuambia nini?" kimya kinatanda.

Juzi nimewapa grafu mbili za nguzo, kila moja ina namba tisa. Ya kwanza ni 1 mpaka 9, kila namba mara moja. Ya pili ni 3, 4, 4, 5, 5, 5, 6, 6, 7. Wastani wa zote ni 5. Nikauliza ipi imetawanyika zaidi. Zaidi ya nusu wakachagua ya pili! Tena wale wenye alama nzuri ndio walionibishia. Mlio kazini, somo hili mnaliingiaje?

Kipimo

Mkuu, hao wameangalia vimo vya nguzo. Kwenye grafu ya kwanza nguzo zote ziko sawa, wakaona "hakuna tofauti". Ya pili ina mlima katikati, inapanda na kushuka, wakaona tofauti ndiyo hiyo. Wamejibu swali ambalo hukuuliza.

Mimi siku hizi siwaonyeshi nguzo mapema. Naanza na vitone juu ya mstari wa namba. Kila mtu anatia alama kwenye 5, kisha kutoka kila kitone anachora mstari wa mlalo mpaka kwenye 5. Seti yako ya kwanza itakuwa na mistari yenye urefu wa hadi 4. Ya pili haina unaozidi 2. Hapo hakuna wa kukubishia. Baadaye wakokotoe mkengeuko sanifu (zidisha kila urefu kwa wenyewe, tafuta wastani, kisha kipeuo cha pili): 2.58 na 1.15, ukigawa kwa 9. Wenyewe watakwambia kwamba namba hiyo ni kama urefu wa kawaida wa ile mistari. Si wastani wake hasa, maana wastani wa urefu kwenye seti ya kwanza ni 2.22, kuzidisha kila urefu kwa wenyewe kunaipa mistari mirefu uzito zaidi. Ila kwa wiki ya kwanza yatosha.

mzee_wa_drafti

Vijana wa sasa mnawadekeza. Wape maswali hamsini wakokotoe kwa mkono, wataelewa tu.

nukta_tupu

Shikamoo mzee. Lakini majibu sahihi tayari wanayapata. Maswali hamsini yatawaongezea mwendo, basi.

Mimi naona jina lenyewe linatuponza. Kukengeuka ni kuacha njia, kupotoka. Mwanafunzi akisikia "mkengeuko" anadhani data imefanya kosa. Halafu unamwongezea "sanifu", neno analolijua kutoka Kiswahili sanifu, anadhani kuna kiwango rasmi kinachokubalika. Kuna mmoja aliwahi kuniuliza mkengeuko unaoruhusiwa ni ngapi! Mwanatakwimu Karl Pearson alipolipa jina kwa Kiingereza, "standard deviation", miaka ya 1890 hakuwa na habari na mitego yetu. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo silitaji kabisa. Nasema "umbali wa kawaida kutoka wastani".

Na hiyo dhana ya kosa ing'oe kwa sarafu. Kila mmoja atarusha mara 20 na kuhesabu vichwa, ila KABLA ya kurusha aandike anachotarajia watu kumi watapata. Usiruke hatua hiyo. Wengi wataandika 10, 10, 9, 11, 10. Kumbe 10 kamili hutokea kama mara 18 tu katika 100, na takriban robo ya matokeo huangukia nje ya 8 mpaka 12. Aliyepata 6 ataanza kuikagua sarafu yake. Mwache aikague, kisha mrudishe kwenye utabiri wake mwenyewe.

chaki_nyeupe

Hiyo ya "mkengeuko unaoruhusiwa" nimecheka, kwa sababu na mimi nimeulizwa. Sikujua inatoka wapi.

Swali la nyongeza: kwenye sampuli yenye namba n, kwa nini tunagawa kwa n toa moja? Mimi huwaambia "ndivyo fomula ilivyo" na nafsi inanisuta.

Kipimo

Kadi tatu: 1, 3, 5. Hiyo ndiyo jamii nzima. Wastani 3, varianse (ule wastani kabla ya kipeuo cha pili) 2.67. Sasa mtu achague kadi mbili, moja baada ya nyingine. Sampuli zinazowezekana ni tisa, waziandike zote ubaoni. Kwa kila moja wakokotoe varianse kwa kutumia wastani wa sampuli hiyo. Wakigawa kwa 2, wastani wa majibu tisa ni 1.33, nusu ya ukweli. Wakigawa kwa 1, yaani n toa moja, unatoka 2.67 ile ile.

Sababu wataiona ubaoni. Sampuli ya 5 na 5 inajiona haina mtawanyiko kabisa, kwa kuwa inajipima kutoka katikati yake yenyewe, si kutoka 3.

mzee_wa_drafti

Hii ya kadi nimeifanya sasa hivi kwenye karatasi. Imetoka. Nimenyamaza.

chaki_nyeupe

Asanteni sana wakuu. Jumatano naanza na vitone, sarafu wiki ijayo. Kipimo, akishachagua kadi ya kwanza anairudisha au anabaki nayo?

Kipimo

Airudishe. Akibaki nayo utapata 4, na tutakuona hapa na uzi mwingine.