Sensa, faili la pensheni au kipimo cha DNA: tuanze na kipi?

Kijana_wa_Pangani: Wakuu, shikamooni. Mke wangu ni Mmarekani mweusi, kwao Kentucky. Wanachojua kuhusu babu wa babu yao ni kwamba alizaliwa mtumwa karibu na 1840, kisha akapigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Tuna dola mia hivi. Tupime DNA, tulipie tovuti ya nasaba, au tuagize faili lake la pensheni?

Kilembwe: Funga pochi kwanza. Tovuti ya nasaba ya FamilySearch ni bure. Anza na sensa ya 1870, ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wote waliotoka utumwani. Mwaka 1850 na 1860 waliandikwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana, kama ng'ombe wa zizini. Angalizo: ya 1870 haikuuliza nani ni nani kwa mwenye nyumba, hilo lilianza 1880. Unaowadhania watoto wake huenda ni wapwa. Ya 1890 isahau, karibu yote ilipotea kwa sababu ya moto wa Washington wa 1921.

Mama Zuhura: Sensa ni mifupa mitupu. Mimi nasema pensheni, na sibanduki hapo. Mjane wa askari alipodai haki yake alitakiwa athibitishe ndoa, na ndoa ya watumwa haikuwa na cheti. Basi wakaitwa mashahidi: mkunga aliyezalisha, waliolima naye shamba moja, hata watoto wa bwana wa zamani. Kila mmoja anaeleza kwa kiapo nani alimwoa nani, nani alikufa, nani aliuzwa. Mimi faili la kwanza nililosoma sikulala. Ila kwa Kentucky uwe mwangalifu: wengi walijiandikisha Camp Nelson, kambi ya jeshi la Kaskazini, mwaka 1864 kwa jina la ukoo la bwana, baadaye wakalibadili. Kadi za faharasa, yaani orodha ya majina ya mafaili ya pensheni, ni bure, tafuta majina yote mawili kabla ya kulipia nakala.

Fundi Saa: DNA itakuletea binamu mia tatu usiowajua. Bila majina utawapanga vipi?

Kilembwe: Mama Zuhura kanishinda, nakubali. Niongeze kimoja: Benki ya Akiba ya Walioachwa Huru, 1865 hadi 1874, ilikuwa na matawi Louisville na Lexington. Daftari zake ziliuliza wazazi na ndugu wa mteja, na mara nyingine bwana wake wa zamani. Benki yenyewe ilifilisika na fedha za watu, lakini daftari zimebaki.

Kijana_wa_Pangani: Asanteni sana. Jana usiku tumempata kwenye 1870, ana miaka 30, mkulima. Nyumbani kwake yumo mama wa miaka 60 mwenye jina jingine la ukoo. Mke wangu anaapa ndiye mama mzazi.

Mama Zuhura: Asiape bado, mwanangu. Tafuta kadi ya pensheni ya huyo askari kwa jina la ukoo la huyo mama, huenda ndilo alilojiandikishia jeshini.