Kutoka fundi hadi mhandisi mwandamizi wa elektroniki za meli: kazi inabadilikaje?

Fundi_Kilindini:
Wakuu, nimekuwa fundi wa rada na redio za meli hapa Mombasa kwa miaka kadhaa, na sasa ninapendekezwa kuwa mhandisi mwandamizi. Kufunga antena na kubadilisha kadi hakunitishi. Ukiacha mshahara, kazi yenyewe inabadilikaje, nami nijiandae kwa lipi hasa?

Nanga_Kuu:
Ndugu, mwandamizi huitwa pale ambapo kila kifaa kikipimwa peke yake ni kizima, ilhali chumba cha usukani kimejaa kengele. Chukua GPS: kipokezi kimoja huweza kulisha AIS (kifaa kinachotangaza jina na mahali meli ilipo kwa meli nyingine), ramani za kielektroniki, kinasa data za safari, redio ya VHF inayotuma wito wa dharura pamoja na mahali meli ilipo, na hata dira ya gairo (dira isiyotegemea sumaku), ambayo huhitaji latitudo na mwendo wa meli ili isahihishe usomaji wake. Maji ya chumvi yakipenya kwenye kiungio cha kebo kule mlingotini, utaletewa malalamiko matano yasiyofanana, na fundi mwenye haraka atafungua kifaa cha kwanza atakachoonyeshwa. Wewe uliza kengele ipi ililia kwanza, kisha fuata data kuanzia chanzo chake. Mchoro wa nyaya utapewa, lakini usiuamini sana, kwa maana waliopita waliongeza waya zao bila kuandika.

Kusi:
Mkuu Nanga amesema kweli, ila mimi naona uzito mkubwa uko kwenye saini unayotia kuthibitisha kwamba vifaa vinafaa. EPIRB ya 406 MHz, yaani kifaa cha dharura kinachotuma ishara kwa setilaiti meli ikipata ajali, inaweza kuwaka vizuri, betri yake ikawa haijaisha muda, na bado isifae, kwa sababu meli iliuzwa ikabadili bendera na namba iliyomo ndani ya kifaa ingali ya nchi ya zamani. Siku ya ajali, waokoaji wataanza kuulizia meli mahali pasipo pake. Wakala atakuhimiza utie saini kwa kuwa meli inaondoka jioni, nawe huna budi kukataa. Tena, vijana wanaopanda mlingotini watakuwa dhamana yako: rada izimwe, swichi yake ifungwe kwa kufuli na kuwekewa kibao cha onyo, na kisanduku cha magnetroni (kinachozalisha mawimbi ya rada) kisiguswe kabla umeme uliobaki ndani yake haujaondolewa.

Fundi_Kilindini:
Nashukuru sana. Je, cheti cha mwendeshaji wa redio za GMDSS (mfumo wa kimataifa wa mawasiliano ya dharura baharini) ni lazima kwa mhandisi wa nchi kavu?

Kusi:
Cheti hicho ni cha wanaoendesha redio melini. Kitakufaa, lakini hakitoshi. Ukaguzi wa redio na upimaji wa kila mwaka wa kinasa data za safari hufanywa na kampuni zilizoidhinishwa, na waidhinishaji hutazama mafunzo ya kila mhandisi, kwa kinasa hasa yale yatolewayo na watengenezaji wa vifaa husika. Kabla hujakubali cheo, uliza kampuni yako ina idhini ya vifaa gani na ni nani atakayegharamia mafunzo yako.