Mrejesho: Arobaini ya bibi yetu, Newala

Ndugu zangu, niliwauliza tumkumbuke vipi bibi yetu siku ya arobaini, maana ndiye aliyekuwa nguzo ya ukoo. Wengi mlisema tuwaachie wazee wasimulie. Tumefanya hivyo, ahsanteni sana.

Baada ya dua na chakula tuliketi chini ya mkorosho alioupanda mwenyewe. Walianza wajomba, kwani kwetu Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, na neno la bibi lilikuwa na uzito hata kwenye kugawa mashamba. Kisha mama mdogo akaeleza habari za maji. Huku juu uwandani maji yalikuwa shida kubwa. Wanawake walishuka bondeni alfajiri, wakakwea mlima na mitungi kichwani. Bibi alilea watoto saba kwa maji hayo, na bado mgeni akifika alipewa ya kunawa kwanza. Hilo sikuwahi kulisikia. Nililia.

Masimulizi yote tumeyarekodi kwenye simu. Suala la shamba alilotuachia bibi nalo limekwisha: litabaki la ukoo, na korosho za msimu huu, kuanzia Oktoba, zitawanunulia vitukuu sare na madaftari. Msimamizi sasa ni mama mkubwa.